Waalikwa elfu moja, wangapi wako mezani?

Siku kumi kabla ya Ramadhani watu huanza kumiminika kwenye barua yangu ya mapishi, jarida ninalolituma kwa barua pepe kwa waliojisajili. Huyu anataka kaimati zisizonywa mafuta, yule anataka mkate wa kumimina kama wa bibi yake, mwingine anauliza kama tambi za sukari hukaangwa kabla ya kutiwa maji au baadaye. (Kabla. Ukikosea hapo umepika uji.) Mwezi mzima barua pepe zinafunguliwa, viungo vinabofywa, vya intaneti, si vya pilau, na maswali yanaingia mpaka wakati wa daku.

Idi ikipita, kimya. Hakuna aliyejiondoa, hakuna aliyelalamika. Idadi ya waliojisajili iko palepale, na asiyejua angesema mambo yamenyooka. Mwaka wa kwanza nami nilikuwa sijui. Niliendelea kuwaandikia wote kila Ijumaa, wiki hii supu ya pweza, wiki ijayo achari ya ndimu, nikijipongeza kwa orodha ndefu. Mpaka shangazi yangu, ambaye hajawahi kuacha kusoma hata siku moja, akanipigia simu: "Mwanangu, mbona umeacha kuandika?" Sikuwa nimeacha. Barua zangu tatu za mwisho zilikuwa zimelala kwenye folda yake ya barua taka.

Ilinichukua muda kuunganisha mambo hayo mawili, kimya cha watu wa Ramadhani na barua za shangazi kutupwa takani. Nilidhani msomaji aliyenyamaza hana faida wala hasara, yupo tu. Kumbe aliyesinzia kwenye meza yako anaweza kumkosesha chakula hata aliye macho. Namna hilo linavyotokea ndiyo habari yenyewe.

Bawabu na maswali yake mawili

Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti, tangazo la mashine mpya za kampuni yake. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Watu walikasirika na yeye akakaripiwa, lakini tangazo lilikuwa limeshawafikia wengi wao, kwa kuwa njiani hapakuwa na wa kulizuia.

Leo yupo wa kuzuia. Kati yako na msomaji amekaa bawabu, nao ni mtambo wa Gmail, wa Yahoo au wa Outlook unaoamua, barua kwa barua, ipi iingie kikashani, ipi isogezwe kwenye kichupo cha matangazo ambacho Gmail ilikianzisha mwaka 2013, na ipi iende takani. Kanuni zake kamili ni siri, maana zikitangazwa matapeli ndio watakaokuwa wa kwanza kuzisoma. Ila yanayojulikana yanatosha kwa kazi yetu. Bawabu anauliza mambo mawili: wewe ndiye kweli unayesema ndiye? Na waliokupokea huko nyuma walikuchukuliaje?

Swali la kwanza ni la vitambulisho. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na vitambulisho vitatu vyenye majina ya kutisha: SPF, DKIM na DMARC. Cha kwanza ni orodha ya seva, yaani kompyuta za kupeleka barua, ulizoziruhusu kutuma kwa jina la kikoa chako, lile jina linalokaa baada ya @ kwenye anwani yako. Cha pili ni saini ya kidijitali inayoonyesha kwamba barua haikuchezewa njiani. Cha tatu ni maagizo kwa bawabu: akija mtu kwa jina langu bila vitambulisho hivyo, mfanye hivi. Huduma nyingi za kutuma majarida hukupa mistari ya kunakili na kuibandika kwenye mipangilio ya kikoa. Ni kazi ya saa moja na kikombe cha chai, ukishaimaliza imeisha. Kwa Google mtumaji mkubwa ni yule anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail, na wengi wetu hatutafika huko leo wala kesho. Fanya tu. Na usipeleke jarida kupitia huduma ya kampuni nyingine huku anwani ya mtumaji ikiishia na @gmail.com, kwa kuwa bawabu atakuona umevaa sare ya kampuni isiyokuajiri.

Swali la pili ndilo linalotuponza. Google imetaja namba waziwazi: malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, na mtumaji mwenye busara abaki chini ya asilimia 0.1. Iweke hesabu hiyo mezani. Katika barua 1,000 zilizofika, watu watatu wakibonyeza kitufe cha kuripoti barua taka, umefika kwenye mstari mwekundu. Watatu! Darasani kwenu shule ya msingi waliokuwa hawakupendi walizidi hapo.

Sasa, nani hubonyeza kitufe hicho? Si maadui. Wengi ni watu waliosahau wewe ni nani. Mtu alijisajili Ramadhani kwa ajili ya kaimati, akapata alichotaka, akaendelea na maisha yake. Mfungo tano unaingia anaona barua ya achari ya ndimu kutoka kwa jina asilolikumbuka. Anatafuta pa kujiondolea, maandishi ni madogo kama ya mkataba wa mkopo, hapaoni, anabonyeza "taka". Hana ubaya na wewe, anafagia uwanja wake tu. Lakini bawabu ameandika, na siku nyingine barua yako ikienda kwa shangazi, ambaye anaisubiri, bawabu anaisogeza pembeni.

Ndiyo maana mlango wa kutokea unapaswa kuwa mpana, na nasema hivi nikijua unavyouma. Nilikuwa nauficha. Niliandika neno "Jiondoe" kwa rangi ya kijivu juu ya kijivu kingine, nikijiona mjanja. Masharti yaleyale ya 2024 yanawataka watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, bila kumlazimisha mtu aingize nywila au ajaze fomu ya maswali, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Mwaka 2025 Gmail ikaenda mbele zaidi, ikaleta ukurasa unaomwonyesha mtu majarida yote aliyojisajili, wanaomwandikia mara nyingi wakiwa juu, na kitufe cha kujiondoa pembeni mwa kila jina. Kwa hiyo hata ukiuficha mlango wako, mwenye nyumba ameshafunguliwa mwingine. Anayepita mlangoni hakuharibii jina. Anayebaki ndani kwa kukosa njia ndiye atakayevunja dirisha.

Anwani aliyoifungua kijana wa dukani

Kuna jambo letu wenyewe ambalo miongozo ya kigeni hailigusi. Huku kwetu watu wengi hawakufungua barua pepe kwa sababu walitaka kuandikiana barua. Walinunua simu. Simu ya Android haikuruhusu kupakua WhatsApp kutoka Play Store bila akaunti ya Google, basi kijana wa dukani Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi akakufungulia moja palepale, jina lako na namba tatu mbele, nywila aliyoitunga yeye. Ukatoka na simu yako. Ilipoibiwa, ukafunguliwa nyingine. Anwani ya zamani hukuikumbuka hata siku moja, maana fedha zako zinapita kwa namba ya simu na ndugu zako wako WhatsApp.

Kwa mwenye jarida maana yake ni kwamba sehemu ya orodha yake ni nyumba tupu. Mtu anayo anwani, anaitaja kwenye fomu kwa sababu ameombwa, ila hajui hata kikasha kiko upande gani wa simu. Wengine huikosea kuiandika. Nimeona gmial, gmai, na mmoja aliyeweka nukta baada ya com kama anayemaliza sentensi. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, kwa hiyo nyumba hizo tupu nazo zinabomolewa, na barua zinazokwenda huko zinarudi. Zikirudi nyingi, bawabu anapata shaka: huyu ameokota wapi majina haya? Mbaya zaidi, baadhi ya anwani zilizokufa hufufuliwa na wenye huduma ziwe mitego. Hakuna binadamu nyuma yake, na anayeziandikia anajianika kwamba haisafishi orodha yake.

Kwa sababu hiyo mimi ni wa upande wa uthibitisho. Mtu akijisajili anapata barua fupi: bofya hapa tujue kweli ni wewe. Wapo wanaopinga, wanasema unapoteza wasiobofya. Ni kweli unawapoteza. Lakini mtu aliyeshindwa kuipata barua ya kwanza, ile aliyoiomba dakika moja iliyopita na simu bado iko mkononi, ya arobaini ataipata wapi?

Na majina ya kununua, au yale ya kunyofoa kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina, usiyaguse. Mbali na adabu, kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, Tanzania ilitunga ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiwa na wasomaji Ulaya, kanuni yao ya kulinda data, GDPR, imekuwa ikifanya kazi tangu 25 Mei 2018. Marekani ni wapole zaidi kwenye ridhaa, ila sheria yao ya 2003 inadai barua ya biashara iwe na anwani halisi ya posta na aliyeomba kuondolewa aondolewe ndani ya siku kumi za kazi.

Namba inayosema uongo

Ukifungua huduma yoyote ya majarida, kitu cha kwanza kukukaribisha ni asilimia ya waliofungua barua. Ni namba nzuri kuiangalia asubuhi na chai. Shida yake ni namna inavyopatikana. Ndani ya barua hufichwa picha ya nukta moja isiyoonekana kwa macho. Simu ikiipakua picha hiyo, seva inaandika: fulani amefungua. Haijui kama amesoma. Inajua picha imepakuliwa, basi.

Septemba 2021 Apple ilitoa iOS 15, mfumo wa simu zake za iPhone, ikiwa na kinga ya faragha kwenye programu yake ya barua. Mwenye simu akiikubali, seva za Apple zinazipakua picha za barua zake zenyewe, awe ameisoma barua au la. Kwa hiyo msomaji wako wa Birmingham mwenye iPhone anaweza kuonekana amefungua kila toleo, kumbe hajaligusa hata moja tangu arudi likizo. Upande wa pili, jamaa wa Bukoba aliyezima picha ili asimalize bando anasoma neno kwa neno mpaka salamu za mwisho, na mashine inakuambia huyu amelala, mfute.

Nilifanya kosa hilo. Niliwaondoa watu kwa kufuata namba hiyo peke yake, na wiki mbili baadaye mama mmoja aliniandikia kwa uchungu mkubwa kuuliza amenikosea nini. Alikuwa ananakili mapishi yangu kwenye daftari.

Mibofyo inaaminika zaidi, ingawa nayo ina walakini wake. Ofisi kubwa zina programu za usalama zinazobofya kila kiungo kabla barua haijamfikia mfanyakazi, ili kuona kama kuna virusi. Ukiona mtu amebofya viungo vyote saba sekunde ileile barua ilipofika, huyo si mtu. Halafu kuna jambo linalosahaulika: barua nzuri inaweza isiwe na cha kubofya. Pishi langu la samaki wa kupaka liko zima ndani ya barua, tangu kukuna nazi hadi kugeuza samaki kwenye makaa. Msomaji anasoma, anapika, anakula. Angebofya nini? Wapo wanaoukata ujumbe katikati na kuweka "endelea kusoma hapa" ili tu wapate mibofyo ya kuhesabu. Kwangu huko ni kumwita mtu mezani na kumwambia sahani iko nyumba ya jirani.

Kwa hiyo ninachohesabu mimi ni majibu. Mtu anayebonyeza "jibu" na kuandika hata neno moja, huyo hana shaka. Hakuna seva ya Apple itakayoniuliza kama tui zito linatangulia au tui jepesi.

Swali la jiko

Majibu hayaji yenyewe. Kwa miaka miwili kila barua yangu iliisha na "nakaribisha maoni yenu", na maoni hayakuja, kwa sababu sentensi hiyo haimwulizi mtu kitu. Isitoshe, jina la mtumaji lilikuwa la jarida, si langu, na anwani ilikuwa ile aina inayosema usijibu hapa. Nani atamjibu mtu aliyeziba masikio?

Nikabadilisha barua ya kwanza, ile inayomfikia mtu mara tu anapothibitisha. Hiyo ndiyo barua yenye bahati kuliko zote. Mtu bado anakumbuka jina lako, bado ana hamu, simu iko mkononi. Wengi huipoteza kwa kuandika historia ya jarida na dira na dhamira. Yangu sasa ina mistari michache: mimi ni nani, nitakuwa nakuandikia kila Ijumaa asubuhi pishi moja la Pwani lililokwisha kujaribiwa nyumbani kwangu, ukichoka mlango ni huu hapa. Kisha swali moja: "Unapikia jiko gani, mkaa, gesi au umeme? Nijibu neno moja tu."

Neno moja kila mtu analo. Wakaanza kujibu, na hawakuishia kwenye neno moja. "Gesi, lakini mtungi mdogo, mwisho wa mwezi narudi kwenye mkaa." "Umeme dada, niko Muscat, mkaa hapa ni wa nyama choma Ijumaa tu." "Mkaa. Nyumba ya kupanga, jiko la nje, mvua ikinyesha hatupiki." Majibu hayo yalinifundisha zaidi ya grafu zote. Mkate wa kumimina niliokuwa nauelezea kwa moto wa juu na wa chini, sufuria yenye makaa kwenye mfuniko, ulikuwa hauna maana kwa mtu wa Muscat mwenye oveni. Sikutunga jarida la pili. Niliongeza aya fupi mwishoni mwa kila pishi: kama una oveni, fanya hivi. Na kila aliyejibu nikamwekea alama ya jiko lake, ili wiki ya mikate nimwandikie kinachomhusu.

Kuna faida ya pembeni pia. Mtu akishakujibu, kwa kawaida anwani yako inakuwa miongoni mwa anazowasiliana nazo, na bawabu si rahisi kumfungia mlango mtu anayezungumza na mwenye nyumba. Ila ukiomba majibu, jibu nawe. Mimi natenga Jumamosi asubuhi. Wakizidi siku moja nisiwaweze, nitaandika mara chache zaidi.

Ahadi, mada na bando

Katika barua hiyo ya kwanza nimeahidi pishi moja kila Ijumaa. Kushika ahadi hiyo kuna nguvu kuliko hila zote za uandishi. Watu huniuliza ni mara ngapi kwa wiki inafaa, na jibu langu ni lile uliloahidi. Kinachowachosha wasomaji mara nyingi ni barua kubadilika, si wingi wake. Wamekuja kwa mapishi, unaanza kuwauzia sufuria, mwezi unaofuata ni siasa za bei ya nazi, kisha shairi. Ukitaka kubadilika waambie, na mlango uwe wazi.

Mstari wa mada nao una kazi yake. Kwa muda mrefu niliandika "Toleo la 14: Mapishi na Mengineyo". Hayo "Mengineyo" hayajawahi kumwita mtu mezani. Toleo lilelile leo ningeliita "Mkate wa kumimina ukikataa kuumuka", na kwenye kile kipande kinachoonekana pembeni ya mada kabla barua haijafunguliwa ningeandika "mara nyingi kosa ni joto la tui, si hamira". Mwenye mkate uliolala anajijua. Usiandike "HUTAAMINI" kwa herufi kubwa, kwa sababu wiki ijayo kweli hataamini.

Uzito. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti nne, na hapo msomaji wa bando la siku ataifunga barua kabla kaimati hazijatokea. Zipunguze mpaka kilobaiti mia moja au mbili, na pishi lisomeke hata picha zikikataa kufunguka. Gmail pia hukata barua ambayo maandishi na msimbo wake vimezidi takriban kilobaiti 102. Kinachokatwa ni mkia, na mkiani ndiko kilipo kiungo cha kujiondoa. Tumeshaona asiyekipata anabonyeza nini.

Muda wa kutuma una ubishi mwingi kuliko faida. Nina kisa kimoja tu cha kusimulia. Nilitaka barua itoke saa mbili asubuhi, nikaandika 2:00 AM. Ilitoka saa nane ya usiku. Wa Toronto waliipata wakati wa chakula cha jioni na wakasifu sana, wa Tanga walidhani kuna msiba.

Nikubakishe au nikuache?

Wanabaki waliolala kweli. Kwanza natenganisha walionyamaza kwa miezi mingi kwa kila kipimo, hawajabofya, hawajajibu, hawajafungua hata kwa ile namba ya uongo. Hao nawaandikia barua moja isiyo na pishi. Mada yake ni "Nikubakishe au nikuache?" na ndani kuna mistari mitatu na vitufe viwili. Asiyebonyeza chochote, baada ya wiki mbili naandika mara ya mwisho, kisha namwondoa.

Kuondoa watu kunauma kama kupunguza mchele kwenye sufuria ya shughuli. Hasa kwa kuwa namba kubwa ndiyo inayowapendeza wenye matangazo. Lakini huduma nyingi hukutoza kwa idadi ya majina, kwa hiyo unalipia viti vitupu, na tangu nisafishe orodha shangazi hajapiga simu tena kuuliza.

Niliharibu kitu kimoja, nacho kinatokana na watu wa Ramadhani. Miongozo mingi hupendekeza miezi mitatu au sita ya kimya kabla ya kumfuta mtu. Ukifuata hivyo kwenye jarida la mapishi ya Pwani, utawafuta wale wote waliokuja kwa futari, na mwaka unaofuata watalazimika kukutafuta upya, ikiwa watakumbuka. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa watu wa msimu, kama tende. Nikaongeza kitufe cha tatu kwenye ile barua: "Niandikie Ramadhani tu." Kilibonyezwa kuliko viwili vingine vyote.

Sasa hao wana orodha yao. Mwaka mzima siwagusi. Shaaban ikifika nusu wanapata barua moja ya kuwakumbusha mimi ni nani, walijisajili vipi na nini kinakuja, na kitufe cha kujiondoa kiko juu kabisa, kabla hata ya salamu. Tarehe naipanga kwa mkono kila mwaka, kwa sababu Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi na moja na programu inajua kalenda moja tu.

Wengine hawabonyezi, wanaandika. Wiki iliyopita mmoja amenijibu: "Nibakishe, dada yangu. Ila supu ya pweza usiniletee tena, mume wangu akimwona tu anavimba midomo." Nimemwekea alama yake pembeni ya jina: gesi, Mombasa, bila pweza.